Seti za cheni ya taimingi ya 1NZ madukani Mtwara: kagua tensheni kabla ya cheni

Taja 1NZ kwenye duka lolote la spea Mtwara mjini, muuzaji ataanza kuvuta maboksi kabla hujamaliza sentensi. Injini hiyo ya Toyota ya cc 1,497 imo kwenye Probox, Succeed, Spacio, Raum, Runx, Allex, Premio za 1.5 na sehemu kubwa ya IST zinazopanda Newala na kushuka Lindi kila siku. Cheni yake ya taimingi, ile inayofanya shafti za kamu za kufungua valvu zizunguke kwa kufuata krenki, haina kilomita za kubadilishwa kama ulivyokuwa mkanda wa taimingi kwenye injini za zamani. Inakaa mpaka ianze kulia. Ikilia, mteja anawekewa kaunta moja aina tatu za mzigo: seti isiyo na jina iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni (tuiite ya nailoni), seti ya boksi ya kampuni za Kijapani (Aisin ni mojawapo), na vifaa vya Toyota vinavyouzwa kimoja kimoja. Ya kwanza mara nyingi haifiki hata nusu ya bei ya pili.

Hukumu yenyewe: ya boksi la Kijapani inunuliwe na ifungwe nzima. Ya Toyota ni bora kuliko zote, ila kukusanya kipande kwa kipande kutoka Kariakoo kwa basi, kilomita kama 560, kunachosha, na kila mara kuna kimoja kinasahaulika. Ya nailoni iachwe dukani. Tatizo lake kubwa haliko kwenye cheni, ambayo ndiyo kila mtu anaigeuzageuza mkononi. Liko kwenye tensheni, kile kifaa kinachoisukuma cheni ikae imekaza.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni cheni kweli inayolia. Mlio wake unachachatika upande wa puli, yaani upande wa dereva kwa magari yetu ya usukani wa kulia, na ni mkali asubuhi injini ikiwa ya baridi, kwa sababu oili imeshuka yote kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) usiku na tensheni haina kitu cha kuisukuma. Ukitulia baada ya sekunde mbili tatu, cheni inaanza kuchoka. Ukiendelea hata injini ikipata moto, tensheni imefika mwisho wa meno yake. Lakini beringi ya alteneta, wota pampu na puli ya mkanda hupiga kelele pale pale. Toa mkanda wa nje, washa injini kwa sekunde chache tu, sikiliza. Mlio ukipotea, umejiokolea hela ya seti. Pima na oili kwa dipstiki, maana 1NZ iliyopungukiwa oili hulia vilevile na dawa yake ni nusu lita. Mashine ya kupima ikileta kodi ya hitilafu P0016, maana yake krenki na kamu hazikubaliani. Hiyo inaweza kuwa cheni iliyorefuka au iliyoruka jino, na inaweza kuwa sensa au waya wake, kwa hiyo kodi peke yake isimfanye mtu afungue injini.

Cheni za huku zinachakaa kwa sababu zinazojulikana. Vumbi la barabara za juu Makonde hupita kwenye filta ya hewa iliyopasuka au isiyokaa vizuri, linaingia kwenye oili na kusaga pini za cheni moja moja. Kila pini ikilika kidogo tu, cheni nzima inarefuka. Msimu wa korosho magari haya yanabeba kupita kiasi, na siku ya kumwaga oili inasogezwa mpaka msimu uishe. Halafu kuna oili yenyewe. Injini hii imetengenezwa kwa oili nyepesi, 5W-30, na wengi wanaweka 20W-50 wakiamini nzito ndiyo inalinda. Kwenye injini iliyochoka inaweza kupunguza moshi, lakini asubuhi inachelewa kufika kwenye tensheni, na hizo sekunde ndizo cheni inapiga reli za plastiki zinazoiongoza.

Sasa seti zenyewe. Iliyokamilika inatakiwa iwe na cheni, tensheni, mkono unaosukumwa na tensheni, reli isiyocheza ya upande wa pili, giya ndogo ya krenki na sili ya mbele ya krenki. Nzuri zaidi inaongeza giya ya kamu ya egzosti, gasketi ya tapeti kava na sili za matundu ya plagi. Giya ya VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) ya kamu ya inteki kwa kawaida haimo na huuzwa peke yake kwa bei inayouma. Usiinunue kwa kubahatisha. Kama meno ya ile ya zamani hayajaliwa na haichezi ikiwa imejifunga, inarudishwa kwenye injini.

Tensheni ya seti ya nailoni unaijua hapo hapo kaunta. Omba itolewe pini, izuie kwa kidole gumba, halafu iachie polepole. Nzuri inatoka kwa mkupuo mmoja laini na unasikia meno yakihesabu tik-tik-tik. Ukiisukuma kurudi bila kuinua kibanio chake cha meno, inagoma kabisa. Ya bei rahisi hufanya moja kati ya mawili: inakwama nusu ya safari, au inarudi ndani ukiibana kwa nguvu. Hiyo ya pili ni hatari zaidi. Oili ikishuka usiku, kile kibanio cha meno ndicho pekee kinachoizuia cheni isilegee; kisiposhika, cheni inaweza kuruka jino wakati wa kuwasha, na 1NZ ni injini ambayo valvu na pistoni hugongana taimingi ikitoka. Valvu zilizopinda ni kazi ya silinda hedi, na hapo bei ya seti ya boksi inaonekana ndogo.

Plastiki za reli angalia kwa macho na kwa ukucha. Kwenye seti ya nailoni kuna ukingo mkali wa moldi uliobaki katikati, pale pale cheni inapopita. Utalika, utakuwa unga, na unga huo utaishia kwenye chujio la pampu ya oili. Plastiki ya mkono iwe imekaa kwenye chuma chake bila kutikisika. Cheni nayo ishike kwa ubavu, uinyooshe mbele yako kama rula: mpya nzuri inapinda kidogo sana, iliyochakaa inaning'inia. Zile pingili tatu za rangi, za kulinganishia alama, kwenye seti ya boksi zimetofautishwa kwa rangi isiyobanduka. Kwenye ya nailoni ni rangi ya kupaka inayotoka ukiifuta na petroli, na kuna pakiti ambazo hazina kabisa.

Usikubali kuuziwa cheni peke yake. Duka likikupa cheni tu kwa maelezo kwamba tensheni bado nzima, kumbuka kwamba tensheni hiyo imezeeka pamoja na hiyo cheni. Reli ya zamani ukiitoa utaona mifereji miwili iliyochimbwa na bamba za cheni. Cheni mpya haikai sawa kwenye mifereji ya mwenzake, na kelele inarudi mapema.

Peleka namba ya chesisi dukani, siyo jina la gari. IST ya NCP60 ina 2NZ ya cc 1,298, ya NCP61 ina 1NZ, na kwa nje mtu hatofautishi.

Kazi ya kutoa inafanyika injini ikiwa ndani ya gari. Fundi anayekuambia injini lazima ishushwe anataka kulipwa kushusha injini. Kwa mtu aliyeizoea ni kazi ya siku moja, pamoja na muda wa silikoni kukauka, na ndiyo maana gari ifike gereji asubuhi. Waya wa betri hasi unatoka kwanza. Gurudumu la mbele kulia linatoka, na plastiki ya ndani ya fenda. Oili inamwagwa, kulanti inakingwa. Mkanda unatoka, alteneta inatoka, koili za plagi zinatoka, tapeti kava linafuata.

Kisha zungusha krenki kwa boliti ya puli, kwa mwelekeo wa saa, mpaka mkato wa puli ukutane na 0 kwenye kava na alama za giya za kamu ziangalie juu. Zikiangalia chini, zungusha duru moja kamili. Hapa simama utazame kwa makini: kama puli iko 0 na giya moja ya kamu imepishana na mwenzake, cheni ilisharuka, na alama zozote utakazochora kwenye cheni ya zamani zitakudanganya. Kama ziko sawa, tia rangi nyeupe kwenye pingili na kwenye jino la kila giya. Baadaye utahesabu pini kati ya alama kwenye cheni ya zamani na kuzilinganisha na mpya mezani. Hiyo ndiyo kinga ya fundi asiye na kitabu.

Boliti ya puli ya krenki ndiyo inayokula muda, maana imefungwa kwa Nm 128 (kipimo cha ukazaji kwa spana ya toki) na huku pwani chumvi imeishika. Bunduki ya upepo huitoa kwa sekunde. Asiye nayo atumie kifaa cha kushikilia puli na bomba refu. Ule mtindo wa kuegemeza spana chini na kupiga stata ni wa kukataza kabisa: spana ikiteleza inakwenda kwa mtu au kwenye rejeta.

Maunti ya kulia (kishikio cha injini) lazima itoke, kwa hiyo injini ibebwe kwa jeki chini ya sampu, na kati yake kuwe na ubao mpana. Bila ubao, sampu inabonyea na kukaribia chujio la pampu. Baada ya hapo wota pampu, sensa ya krenki, valvu ya oili ya VVT-i, na hatimaye boliti za kava. Hizi haziko sawa kwa urefu. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava, toboa na uchomeke kila boliti mahali ilipotoka. Boliti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi, inapasua aluminiamu au inakupa hisia ya kukaza huku kava likiwa wazi. Kava likigoma, usichokoe kwa bisibisi kwenye uso wa kukutania. Kuna sehemu zilizoachwa kwa ajili ya kutekua, tumia hizo. Kumbuka pia pampu ya oili imo ndani ya kava hilo hilo na inaendeshwa na krenki moja kwa moja, kwa hiyo ukilitupa sakafuni penye mchanga umeutupa moyo wa injini.

Tensheni inashikwa na boliti mbili. Inua kibanio, sukuma pistoni yake ndani, chomeka pini nyembamba kwenye tundu, ndipo ufungue. Ukishaitoa usizungushe krenki tena wala kamu kwa kujaribu. Ikilazimu kuzungusha kamu cheni ikiwa imetoka, kwanza zungusha krenki robo duru ili pistoni zote zishuke katikati na valvu zisipate cha kugonga. Mkono unachomoka, cheni inatoka, reli isiyocheza inafuata na boliti zake mbili.

Usafishaji ndio unaotenganisha kazi ya kudumu na ya kurudi. Silikoni ya zamani ikwanguliwe yote, kwenye kava na kwenye bloku, na uso ufutwe kwa petroli mpaka kitambaa kitoke cheupe. Hapa mafundi wengi wa mjini hukimbia, na ndiyo sababu gari nyingi zilizofunguliwa cheni zinavuja oili pembeni mwezi wa pili. Chomoa pia kichujio kidogo cha njia ya oili ya VVT-i ukioshe. Kikiziba, giya mpya hazitasaidia na taa ya injini itawaka na P0011 au P0012.

Kurudisha: reli isiyocheza kwanza, Nm 9 tu. Ni boliti ndogo, anayezikaza kwa nguvu za mkono mzima huzikata. Cheni inavalishwa pingili za rangi zikiwa kwenye alama zake, upande wa reli isiyocheza ukiwa umekazwa bila kulegea, na ulegevu wote ukiachwa upande wa tensheni. Giya ya VVT-i iwe imejifunga kwenye nafasi yake ya nyuma. Ikivalishwa ikiwa huru, alama zitaonekana sawa na injini itawaka vibaya. Mkono, kisha tensheni, Nm 9, ndipo pini inachomolewa na unasikia ikipiga. Sasa zungusha krenki kwa mkono duru mbili kamili, taratibu. Ikigoma mahali, acha hapo hapo, usilazimishe. Ikipita, alama ya giya ya krenki irudi ilipoanzia na alama za kamu zirudi juu. Pingili za rangi hazitarudi mahali pale, na hilo ni sawa. Kuna mafundi wamefungua kazi nzuri upya kwa kuogopa jambo hilo.

Sili ya mbele ibadilishwe hata kama inaonekana nzima, na uso wa puli inaposugulia uguswe kwa ukucha. Kama kuna mfereji, sili mpya itavuja pia. Ipigwe ikae kina tofauti kidogo na ya zamani ili mdomo wake upate chuma kisicholika. Oringi za njia ya oili kati ya kava na bloku ziwe mpya. Ile iliyokaa miaka imebapa, na ikirudishwa inapunguza presha ya oili bila kuonyesha tone nje. Seti ya nailoni huziacha hizi, ya boksi hutegemea kampuni, kwa hiyo ziulizie peke yake.

Silikoni ivutwe mstari mmoja usiokatika, mwembamba. Kwenye kona ambapo kava, bloku na silinda hedi vinakutana, ongeza tone. Kava liingie ndani ya dakika tatu kabla silikoni haijaanza kushika, hivyo boliti ziwe zimepangwa tayari. Joto la Mtwara mchana linaipunguza hata hiyo dakika tatu. Boliti ndogo za kichwa cha 10 ni Nm 11, za kichwa cha 12 ni Nm 24, kava la tapeti Nm 10, puli Nm 128. Oili isimiminwe mpaka zipite saa mbili. Silikoni iliyozidi haivuji nje, inaminyika ndani, inakatika vipande na kwenda kuziba chujio. Mirija ya silikoni nayo ina feki nyingi kuliko spea yoyote nyingine kaunta. Ikitoka na majimaji mdomoni, irudishe.

Oili pamoja na filta mpya ni lita 3.7. Galoni ni ya lita 4, isimiminwe yote kwa kuwa imenunuliwa yote. Kulanti irudi ya rangi iliyochanganywa, siyo maji ya kisima cha chumvi. Kabla ya kuwasha, chomoa fyuzi ya mafuta na upige stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike, ndipo urudishe fyuzi. Mlio wa sekunde chache mara ya kwanza ni wa kawaida. Ukizidi hapo, zima, tensheni haijajaa au haikuachiwa pini. Ndiyo, hutokea.

Alama zetu, kwa kila seti. Ya nailoni: 2 kati ya 10, na hizo mbili ni za giya ya krenki ambayo mara nyingi imekatwa vizuri. Ya boksi la Kijapani: 8, ikipoteza kwa kutokuwa na oringi zote. Ya Toyota: 9, inapoteza moja kwa usumbufu wa kuikusanya. Kwa mtu wa Masasi, Nachingwea au Newala ambaye lazima aagize, ya boksi ndiyo yenye akili: namba moja, kifurushi kimoja, na kama haifai inarudi kabla haijaguswa na oili. Maduka mengi hayapokei spea iliyokwisha kuvalishwa, kwa hiyo ulinganisho wote na vya zamani ufanyike juu ya meza, hesabu ya pini ikiwemo.

Oili ya kwanza baada ya kazi imwagwe mapema, kwenye kilomita 1,000, kutoa unga na mabaki ya silikoni. Baada ya hapo kila kilomita 5,000 inatosha kwa njia za huku.

Na kama 1NZ yako tayari inakula lita nzima ya oili kati ya Mtwara na Dar, pima kompresheni ya silinda zote nne kabla ya kufungua pochi. Ringi za pistoni zikiwa zimekufa, hela ya cheni iende kwenye injini nyingine.